Mafundisho yenye uzima: sisi wa Malindi tumeyaweka wapi?

FundiTimazi (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na majirani zetu Waislamu mnaopita humu, hamjambo nyote.

Mimi ni fundi mwashi, na pia ni mzee wa kanisa moja hapa Malindi. Jina la kanisa naliacha. Jumapili mbili zilizopita nilikuwa na darasa la wanaojiandaa kubatizwa, vijana tisa. Nikawauliza swali ambalo kwangu lilikuwa jepesi, la kuanzia mazungumzo tu: ukikutana na mtu asiyemjua Yesu akakuuliza habari njema ni ipi, utamjibu nini?

Wa kwanza akasema habari njema ni kwamba Mungu atakuinua. Wa pili akasema adui zako wataaibika. Binti mmoja akasema huu ni mwaka wa milango kufunguka. Zamu ikazunguka mpaka wa tisa. Msalaba haukutajwa. Dhambi haikutajwa, wala kaburi lililo wazi. Na hawakuwa wakifanya mzaha. Walijibu kwa moyo wote, kwa maneno waliyoyasikia kwetu sisi wazee, kwenye mimbari yetu wenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Nilirudi nyumbani chakula kikanishinda. Paulo anapowakumbusha Wakorintho kile alichowapa mwanzo kabisa, anasema "Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kama yanenavyo Maandiko, na ya kuwa alizikwa, na ya kuwa alifufuka siku ya tatu" (1 Wakorintho 15). Hilo ndilo jiwe la msingi. Sisi tumewapa watoto rangi ya ukuta, jiwe tumelisahau kwenye lori.

Sasa tazameni lile neno alilomwandikia Timotheo: "Maana utakuja wakati watakapoyakataa mafundisho yenye uzima, ila kwa kuzifuata nia zao wenyewe watajipatia waalimu makundi makundi, kwa kuwa wana masikio ya utafiti" (2 Timotheo 4:3), yaani masikio yanayowawasha, yanayotaka kusikia yanayoyapendeza tu. Nimelisoma miaka mingi bila kulisikia. Uzima! Sisi tukikutana njiani twaulizana, u mzima? Watoto wazima? Neno la Kigiriki lililoko hapo ni la ukoo mmoja na lile la Luka 5:31, Yesu aliposema wenye afya hawana haja na tabibu. Kwa hiyo Paulo hazungumzii mafundisho ya wasomi wala mafundisho makavu. Anazungumzia chakula kisichomgonjeza mlaji. Na chakula kibovu, hata kikiwa na nazi tele na harufu nzuri, usiku utajua.

Sisi wa Malindi ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema jambo hili ni la vitabuni. Mwaka 2023, huko bara kwetu, msitu wa Shakahola ulianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini, watoto wakiwamo. Watu walikuwa wameambiwa wafunge kula mpaka wafe, wakamwone Yesu. Nani ana hatia na ya kiasi gani, hiyo ni kazi ya mahakama. Mimi nauliza letu. Hao walikuwa Wakristo, wameketi kwenye mabenchi kama yetu, na wengi wao walikuwa na Biblia. Na ndani ya Biblia ile imeandikwa wazi kwamba watakuja watu "wakiwazuia watu wasioe, na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani" (1 Timotheo 4:3). Imeandikwa kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Isaya 58 inaeleza saumu aipendayo Mungu, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa mkate wako. Hakuna mahali inapomwamuru mama amnyime mwanawe uji.

Dawa ilikuwa mkobani. Hakuna aliyewafundisha kuufungua.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria Mfalme Yosia (2 Wafalme 22). Mafundi wanakarabati hekalu, kuhani Hilkia anaibuka na kitabu cha torati. Kilipotelea wapi? Ndani ya nyumba ya Bwana yenyewe! Kumbe watu wanaweza kuingia na kutoka hekaluni na kitabu kimepotea humo humo.

Naomba tuzungumze kwa heshima. Sikuanzisha uzi ili tuwataje watumishi kwa majina.

---

MamaWaMuyeye

Mzee, ubarikiwe. Nina ushuhuda, nitausema ulivyo.

Kwa miaka mingi mstari wangu ulikuwa Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Niliuandika kwenye kanga ya ukutani, nikauweka kwenye simu. Mwanangu alipokosa karo ya kidato cha tatu, mhubiri mmoja aliyekuja na hema akatwambia mstari huo ni wa yule atakayepanda mbegu, yaani atakayemtolea sadaka ya pesa, usiku ule. Nilikuwa na mbuzi wanne. Niliuza watatu, nikapanda. Karo haikuja. Nilipomfuata akasema imani yangu ilikuwa na tundu.

Hilo la tundu ndilo lililoniumiza kuliko mbuzi. Mwaka mzima nilijiona mimi ndiye mwenye kasoro mbele za Mungu.

Halafu siku moja nilikuwa namuuguza mama yangu, hana nguvu za kusoma, akaniambia nimsomee Yeremia 29 yote, tangu mstari wa kwanza. Jamani, ile ni barua! Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa tano anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Na mstari wa kumi unasema ahadi ile itatimia baada ya miaka 70. Sabini! Wengi waliosomewa barua ile walikufa ugenini kabla haijatimia, na bado Mungu hakuwa mwongo kwao.

Nililia pale pale kitandani kwa mama. Sikulia kwa sababu mstari umeninyang'anywa. Nilipewa mkubwa zaidi. Mungu aliyekuwa na watu wake katika miaka 70 ya Babeli anaweza kuwa nami katika karo isiyopatikana. Mhubiri wa hema alikuwa amenikatia kipande cha kitambaa na kuniambia ndiyo nguo yote.

---

MchungajiWaSabaki

Salamu katika Kristo. Nimesoma kwa makini na nitajibu kama mtu aliyechokozwa kidogo.

Mimi nachunga kanisa la mabati, ng'ambo ya Mto Sabaki. Sikusoma chuo cha Biblia. Niliitwa nikiwa mkata makaa. Wanaokuja kwangu wana mtoto mwenye degedege, mume amekwenda Mombasa harudi, shamba mvua imelipita. Nikiwaambia wakae niwafafanulie mafundisho, watalala kwa njaa. Wanataka kuombewa, na Mungu huwajibu, nimeona kwa macho yangu. Makanisa makubwa ya mjini yana wachungaji wenye shahada na kanuni zote za imani zilizonyooka, na Jumapili nusu ya waumini wanasinzia. Maandiko yenyewe yanasema "andiko huua, bali roho huhuisha". Tukirudi kwenye mafundisho peke yake, Roho Mtakatifu mtamweka wapi?

Na hao wa Shakahola msituwekee sisi wote wa Kipentekoste shingoni. Wengi wetu tulilia sana.

---

FundiTimazi

Mchungaji, samahani kama nilivyoandika kumekugusa hivyo. Shakahola ni ya kanisa zima, na ndiyo maana nilianza na wanafunzi wangu tisa.

Kuombea wagonjwa sina ugomvi nako. Yakobo 5 inaagiza wazee waitwe, waombe, wapake mafuta kwa jina la Bwana. Ninachogombana nacho ni chupa ya mafuta yale yale ikiuzwa mlangoni.

Ila ule mstari, kwa heshima zote, mchungaji wangu, tuusome wote. Ni 2 Wakorintho 3:6. Mstari unaofuata unataja huduma iliyochorwa katika mawe. Paulo analinganisha agano lililoandikwa kwenye mbao za mawe na agano jipya ambalo Roho analiandika moyoni. Hamlinganishi mtu anayesoma Biblia na mtu anayeomba. Angewezaje, na yeye kule kifungoni anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi"? Mzee anasikia baridi, anakaribia kufa, amejazwa Roho kuliko sisi sote, na bado anataka vitabu vyake.

Kuhusu chuo niko upande wako. Petro na Yohana walionekana mbele ya baraza kuwa watu wasio na elimu. Lakini miaka mitatu walikuwa wamekaa miguuni pa Mwalimu. Kutokwenda chuo hakumaanishi kutofundishwa. Na msinzia wa kanisa la mjini naye hajalishwa; kanuni imepita juu ya kichwa chake. Wote wawili wana njaa moja.

---

KijanaWaGede

Shikamooni wazee wangu. Naomba kuuliza bila kuonekana mkaidi.

Sisi vijana hatufundishwi na ninyi tena. Tunafundishwa na simu. Kwa siku napitia vipande vya mahubiri labda ishirini, kila kimoja dakika moja, kutoka Nigeria, Marekani, Nairobi. Kila mmoja ana sauti ya uhakika. Mwingine anasema Utatu haupo kwenye Biblia, mwingine anasema Yesu alikuwa tajiri. Hapo Malindi penyewe kuna Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti, Wapentekoste, Wasabato, na kila mmoja anasema mafundisho yake ndiyo mazima. Mzee, wewe unasema turudi kwenye mafundisho. Turudi kwa ya nani?

---

KaraniWaGanda

Kijana, nijaribu hilo. Mimi ni Mkatoliki, baba yangu alikuwa katekista, na sitajificha nyuma ya dhehebu langu.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa sababu ya padri mmoja wa Alexandria, Arius, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Kilichonishangaza nilipolisoma jambo hili ni njia yake ya kulieneza. Philostorgius, mwandishi wa kale ambaye mwenyewe alimpendelea Arius, anasema alitunga nyimbo za mabaharia, nyimbo za kinuni na nyimbo za wasafiri, akayatia mafundisho yake humo. Watu wakayaimba bandarini bila kujua wanaimba nini. Basi simu yako si ugonjwa mpya. Na kwaya zetu zijiangalie: kuna nyimbo tunazocheza hapa Jumapili ambazo ukiondoa kinanda, kilichobaki ni kumtisha jirani.

Athanasio aliyempinga, askofu wa Alexandria, alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Hakuacha. Alijua kwamba ikiwa Yesu ni kiumbe kama sisi, basi hakuna aliyetuokoa.

Kile kilichoamuliwa Nikea, Mkatoliki anakikiri, Mwanglikana anakikiri, Mpentekoste asiyeikariri kanuni yenyewe bado anaombea kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mungu mmoja, Kristo Mungu kweli na mtu kweli, alisulubiwa, akafufuka, atarudi, tunaokolewa kwa neema yake. Anza hapo. Anayekivunja hicho, funga simu. Tunayotofautiana, ubatizo wa watoto, Maria, karama, siku ya ibada, ni mazito, na mimi nina msimamo wangu na mzee Fundi ana wake. Lakini hatukutofautiana juu ya nani alikufa msalabani.

Aibu yetu sisi ni nyingine. Tunasema "Nasadiki kwa Mungu mmoja" kila Jumapili, na ukimsimamisha mtu mlangoni ukamwuliza maana ya mstari wa pili, anatafuta pikipiki.

---

MwanaAmu

Hamjambo. Mimi ni Mwislamu wa Lamu, yenu siyaamui. Nimefuata uzi huu kwa sababu mada ya watu kukiacha kitabu chao inatugusa na sisi.

Kwetu mtoto hupelekwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, mdogo sana. Huanza na herufi, hukaa mbele ya mwalimu, hukosea, husahihishwa, hurudia. Na wakubwa tuna darsa; pale Riyadha, msikiti alioujenga Habib Swaleh, watu hukaa chini kitabu kikasomwa mstari baada ya mstari, msimu kwa msimu. Tuna upungufu wetu, sijisifu. Ila nina jirani zangu Wakristo hapa Lamu nawaona Jumapili wanakwenda kwa furaha, wanarudi kwa furaha, na kwa miaka sijamwona mmoja akirudi na daftari. Mwafundishwa lini?

Na swali la pili: kwenu ni adabu kumwuliza mhubiri "umelitoa wapi hili"? Au ni kumvunjia heshima?

---

FundiTimazi

Jirani, swali lako la kwanza limenichoma na sina jibu. Lakini kuna jambo linalotuunganisha nalo. Mwaka 1542 Francis Xavier, padri aliyekuwa safarini kwenda India, alipita hapa Malindi. Katika barua aliyoandika akiwa Goa anaeleza kwamba mzee mmoja Mwislamu wa mji huu alimwuliza kama makanisa ya kwao yana watu, maana hapa, alisema yule mzee, misikiti ilikuwa 17 na iliyokuwa ikihudhuriwa ni mitatu tu. Ilimhuzunisha. Nimesimama mara nyingi pale kwenye kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti nikimfikiria mzee yule, kwa sababu angeniuliza mimi leo ningemjibu makanisa yamejaa, viti havitoshi. Halafu angeuliza, wanasikia nini humo? Hapo ningenyamaza.

Na miaka 300 baadaye, 1844, mmisionari Krapf alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikapatikana 1891, ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, 1914, na hii ya Union tunayoibeba wengi wetu 1952. Watu walizika wake na watoto katika kazi hiyo. Rosina, mke wa Krapf, alikufa mwaka ule ule wa 1844, kaburi lake liko Mombasa. Tumeletewa kitabu kwa lugha tunayoiota, na sisi tunasubiri mtu atutolee mstari mmoja kwa juma.

Swali lako la pili lina jibu, na wewe Mlamu utalipenda. Matendo 17:11. Paulo alipohubiri Beroya, watu wale hawakusema amina wakaenda zao. "Wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Walimchunguza Paulo, mtume! Na Luka anawaitaje kwa kufanya hivyo? Watovu wa adabu? Waasi? Biblia yetu imesema: "Watu hawa walikuwa *waungwana*." Wewe unajua uzito wa neno hilo kwenu, limebeba nasaba na nyumba za mawe na heshima ya mji. Hapa limepewa mtu yeyote, mvuvi, mtumwa, mama wa sokoni, anayefungua kitabu kuhakikisha. Kumwuliza mhubiri "limeandikwa wapi" ndio uungwana wenyewe. Mhubiri anayekasirika kwa swali hilo amekasirikia kile Luka alichokisifu.

---

MwanaAmu

Waungwana. Hilo nimelichukua. Shukrani, ndugu yangu.

---

MamaWaMuyeye

Na mimi nalichukua! Kumbe siku ile nilipomfuata yule wa hema nilikuwa naanza uungwana bila kujua.

---

MchungajiWaSabaki

Nimekaa siku mbili bila kujibu. Si hasira.

Nilirudi nikaisoma 2 Wakorintho 3 yote, mara tatu, kwa mwanga wa simu. Mzee Fundi yuko sawa. Ule mstari nimeuhubiri miaka kumi na moja nikiutumia kuwazuia watu wasinisumbue kwa maswali. Sikujua ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Na kuna hili nataka kuliweka hapa hadharani. Ile Aprili 2023, habari zilipokuwa zikitoka msituni kila jioni, watu wa kanisa langu walinijia wakiwa na hofu. Mama mmoja akaniuliza, mchungaji, tutamjuaje wa kweli na wa uongo? Nikamwambia, mwombe Roho atakuonyesha. Basi. Nilimwombea akaenda. Sikumwonyesha 1 Timotheo 4, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nikijua iko pale. Ningekuwa mbaya kama yule wa msituni, mama yule angekuwa na silaha gani dhidi yangu? Hana. Nilimwacha mikono mitupu mbele yangu mimi.

Sitaacha kuombea watu. Lakini naomba msaada wa vitendo. Nianze wapi? Kanisani kwangu wenye Biblia ni wachache, na wengine hawajui kusoma.

---

KaraniWaGanda

Mchungaji, wasiojua kusoma wasikutishe. Nehemia 8: Ezra alisimama juu ya mimbari ya mbao, kitabu kikasomwa "kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa". Umati ule wa wanaume na wanawake ulisikia kwa masikio. Wakalia. Ni mambo matatu tu, kusoma, kueleza, kufahamu, na hakuna linalohitaji shahada wala spika kubwa.

---

FundiTimazi

Mchungaji wangu, umenitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi.

Chukua Tito. Sura tatu. Jumapili ya kwanza isome yote kwa sauti mwanzo hadi mwisho, ni kama dakika saba. Halafu rudi mstari wa kwanza, uende taratibu. Ukifika mahali hujui, waambie hapa sijui, nitauliza; hawatakudharau. Usiruke mistari usiyoipenda. Mimi kwa upande wangu nimeanza na wale tisa, ubatizo tumeusogeza mpaka tumalize Injili ya Marko. Mzazi mmoja amelalamika kwamba alishanunua kitenge cha sherehe. Kitasubiri.

Fundi hujenga ukuta, akiutazama kwa jicho anaona umenyooka, anaridhika. Akishusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu, anakuta umelala inchi mbili. Hapo ana mawili: kubomoa kozi tatu, au kupiga lipu nene ili isionekane. Nabii Amosi alimwona Bwana amesimama karibu na ukuta, timazi mkononi. Mimi nimepiga lipu kwa miaka mingi kanisani kwangu. Nimeanza kubomoa.

---

KijanaWaGede

Mzee, na sisi ambao si wa kanisa lako tunaweza kuja kwenye hiyo Marko?

---

FundiTimazi

Karibu sana, mwanangu. Alhamisi saa kumi na moja jioni, nikishatoka kazini. Tuko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Binti wa "milango kufunguka" alituuliza juma lililopita kwa nini Yesu alimwambia kwanza "dhambi zako zimesamehewa" na miguu bado haijapona. Hatujamaliza kulijibu. Njoo na daftari.